Mzee Walter, Theluji na Ziwa

Nyinyi mnaoanza sasa kazi ya kutunza wazee majumbani mna raha msiyoijua. Simu inawaambia kata kulia, kata kushoto, mmefika. Sisi miaka ile ya elfu mbili na kidogo tulichapisha ramani kwenye karatasi, tukaishikilia juu ya usukani, na ukikosa pa kutokea kwenye barabara kuu ulijikuta jimbo lingine. Mimi nilikaa Gaithersburg, Maryland, na nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Annandale, Virginia, upande wa pili wa mto. Siku ya kwanza nilizunguka mpaka nikaanza kusalimiana na mbwa wa mtaa.

Juzi baada ya ibada mmoja wenu aliniuliza, "Mama Njeri, kuna mgonjwa unayemkumbuka kuliko wengine?" Nikajibu kwamba wote ninawakumbuka. Hilo ndilo jibu la kanisani. Leo tuko jikoni kwangu, kwa hiyo nitasema kweli: yupo, na aliitwa Walter.

Kabla sijamfikia, acheni nimtaje dada Rehema. Alikuwa Mtanzania wa Tanga, mhudumu mkongwe katika shirika letu dogo, na ndiye aliyenifundisha kazi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Changu mimi Mnyeri kilikuwa na kona nyingi. Nikisema "nikusaidie kuamka" ananisahihisha: "Kuamka ni kutoka usingizini, mdogo wangu. Huyu yuko macho. Msaidie kuinuka." Lakini mengine aliyonifundisha hayakuwa ya lugha. Sema kwanza, gusa baadaye, ili mtu asishtuke. Usimvute mgonjwa mikono. Mshike kiunoni, kwenye ule mkanda mpana anaofungwa mgonjwa ili umshikilie. Maji ya kuogea yapime kwa kiwiko chako. Na usizungumze juu ya kichwa cha mtu kana kwamba hayupo.

Basi nikafika kwa Walter na masomo hayo yote kichwani, na kwenye mlango wa jikoni nikayasahau yote.

Alikuwa mwanaume mrefu aliyekuwa amefundisha hesabu sekondari maisha yake yote ya kazi. Sasa alikuwa na Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono, unaopunguza sauti, na mara nyingine unagandisha miguu mtu akiwa katikati ya safari. Akili inasema twende, miguu inasema bado. Milango ndiyo ilikuwa mibaya zaidi. Alifika pale jikoni akasimama kama aliyegandishwa na gundi. Mimi, kwa haraka ya kutaka kuonekana ninafaa, nikamshika mikono nikamvuta.

Kiwiliwili kilikuja, miguu ikabaki. Kama kusingekuwa na kochi pale karibu sijui tungeangukia wapi. Tuliangukia kochi, mimi chini, yeye juu, fremu yake ya kutembelea ikaenda peke yake mpaka kwenye friji.

Mkewe, Ellen, alitoka mbio chumbani. Nikajua kazi imekwisha kabla sijavua koti. Walter akageuza kichwa taratibu, akamwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Ellen, huyu mama ni mzuri. Tangu niache skii sijaanguka vizuri hivi."

Hivyo ndivyo nilivyosikia neno skii, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, nyumba ile kwa mara ya kwanza. Sikujua kwamba nitalisikia kila siku.

Nilimwita Mzee tangu mwanzo. Aliniuliza maana yake, nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo unaniita kizee mbele ya mke wangu." Nikamweleza kwamba kwetu ni heshima, mtu hupewa akishaonyesha kwamba anaweza kukaa na watu. Akafikiri kidogo, kisha akamwambia Ellen kwamba kuanzia siku hiyo hataitika akiitwa Walter. Ellen naye nilimwita Mama Margaret, kwa jina la binti yao mkubwa, akalipenda sana akaanza kujitambulisha hivyo kwa majirani.

Ukutani kando ya ngazi zao kulikuwa na picha tu. Theluji, ziwa, theluji, ziwa. Walter na watoto wake wamevaa miwani mikubwa juu ya mlima. Walter amebeba mtoto mabegani ndani ya maji. Walter na nyumba ya mbao aliyoijenga mwenyewe kando ya Ziwa la Deep Creek, kule milimani magharibi mwa Maryland, ambako kiangazi watu huogelea na kipupwe huteleza kwenye theluji mlima wa jirani. Mimi nilizipita bila kuzitazama. Jamani, mimi ni mtu wa Nyeri. Maji yanayozidi beseni nilikuwa nayaogopa, na theluji niliiona kama adhabu ya kuhama kwetu. Mungu akanipa mgonjwa ambaye hakupenda kitu kingine duniani zaidi ya hivyo viwili, na familia yake.

Kipupwe kile theluji ilianguka mpaka barabara zikafungwa, nikashindwa kurudi nyumbani. Asubuhi nilimkuta Mzee dirishani, uso umemchangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Nikamwambia, "Mzee, nieleze. Mtu mwenye akili zake anapanda mlima wenye baridi ili ashuke tena?"

Akasema, "Vua viatu."

Nikavua. Akaniweka katikati ya zulia, nimevaa soksi, akaanza kunifundisha akiwa kwenye kiti. Kunja magoti. Pua mbele, usiketi kwenye kisigino kama mtu anayetafuta choo. Uzito wote mguu wa kushoto. Sasa uhamishe, kulia. Usiinue mguu, hamisha uzito, mguu utakufuata wenyewe. Nikawa ninayumba pale sebuleni kama mlevi wa sikukuu, Ellen amesimama na kikombe cha chai akicheka machozi yakimtoka.

"Hapana, hapana," Mzee akasema, "unaharibu mlima." Akashika mikono ya kiti, akakunja magoti, akapeleka pua mbele, akainuka ili anionyeshe. Akahamisha uzito kushoto. Kulia. Kushoto. Akavuka zulia, akavuka mlango wa jikoni bila kusimama, akafika kwenye meza ya chai. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeushika mkanda, sipumui.

Alipogeuka akatuona tulivyomtazama. Akauliza, "Vipi?"

Ellen akamwambia, "Umepita mlangoni, Walter."

Mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo alipokuja wiki iliyofuata tulimwonyesha. Alikuwa kijana mpole, akaketi akacheka. Akasema, "Hilo la kuhamisha uzito ndilo ninalomfundisha miezi yote hii. Ila mimi nililiita zoezi, yeye akawa ananivumilia. Nyinyi mmeliita skii." Tangu siku hiyo wote tukaliita skii. Yule kijana akamwongezea hatua za kugeuka na za kuteremka ngazi, zote kwa lugha ya mlimani. Mimi nikimpitisha mlangoni nilisema kwa Kiswahili, "Kushoto, Mzee. Kulia, Mzee," naye akajifunza maneno hayo mawili kabla ya kujifunza asante.

Msidhani ugonjwa uliondoka. Kulikuwa na siku ambazo kijiko hakikufika mdomoni, na siku alizokataa kuongea kwa sababu alichoka kuulizwa "umesemaje?" Siku kama hizo nilikaa naye tu. Hilo nalo ni kazi, ingawa hakuna atakayekufundisha darasani jinsi ya kukaa bila kushika chochote.

Majira ya machipuko yakaja, na pamoja nayo ugomvi.

Kila kiangazi ukoo wao wote ulikutana kule ziwani. Watoto, wakwe, wajukuu, kila mtu. Walter ndiye aliyekuwa anawaamsha kwa harufu ya keki za kikaangoni, na hakuna mkwe aliyekubaliwa kikamilifu kabla hajatumbukizwa majini. Mwaka uliotangulia hakwenda. Sasa alisema anakwenda, na kwamba ataingia majini.

Margaret alikuja Jumamosi moja kuzungumza na mama yake. Alikuwa wakili, mwanamke mwenye moyo mwema anayeficha hofu kwa kuongea haraka. Walikuwa jikoni, mimi ninamkata Mzee kucha sebuleni, na mlango ulikuwa wazi.

"Kule kuna mteremko, Mama. Kuna ngazi za mawe. Hospitali iko mbali. Akianguka je? Sote tuje hapa Annandale, tufanye sherehe uani."

"Hataki uani," Ellen akasema. "Anataka ziwa."

"Anataka mengi. Mimi ninataka baba yangu awe hai."

Mzee akautoa mkono wake ndani ya wangu. Niliweka kikata kucha chini. Akainuka, kushoto, kulia, akaenda akasimama mlangoni kwao. Safari hii hakuganda. Alisimama kwa kupenda.

"Margaret," akasema, "nani alikufundisha kuogelea?"

"Wewe, Baba."

"Mara ya kwanza ulilia?"

"Nililia sana."

"Nilikuacha?"

Margaret alijifuta macho kwa nyuma ya mkono, kisha akanigeukia mimi, akaniita kwa jina langu. "Tabitha, wewe ndiye uko naye kila siku. Unaonaje?"

Hapo, wanangu, ndipo pagumu. Mhudumu akiulizwa katikati ya familia, kila upande unangoja awe wake. Nikasema lililokuwa la kweli. "Mimi ninaogopa maji kuliko nyoka. Kwa hiyo msiniulize kama ziwa ni zuri. Lakini mwili wa Mzee ninaujua. Saa moja baada ya dawa ya asubuhi anakuwa na nguvu. Tukienda saa hiyo, na mkanda, na mtu anayejua kuogelea upande mmoja, na mimi upande wa pili, anaweza kufika. Tukienda jioni, hawezi. Na daktari aulizwe kwanza."

Walter akasema, "Wewe utaingia majini?"

Nilikuwa nimeshasema upande wa pili ni mimi. Maneno yalikuwa yametoka.

Daktari alikubali kwa masharti: maji yasizidi kifua, jaketi la kuelea lisivuliwe, na asiachwe hata dakika. Margaret alikuwa ameogelea mashindanoni alipokuwa chuoni, kwa hiyo yeye akawa yule mtu wa upande mmoja. Nilimwambia dada Rehema kwenye simu kwamba ninakwenda kuogelea. "Wewe?" akasema. "Wewe ambaye mvua ikinyesha unanipigia simu?" Jioni ile akaniletea nguo ya kuogelea ndefu, ya heshima, inayofunika mpaka magotini. Sikumuuliza aliipata wapi.

Ziwa lenyewe ni zuri, siwezi kusema uongo. Milima ya kijani pande zote, nyumba za mbao, na wale wajukuu wakipita kila mahali na miguu yenye majani. Siku za kwanza Mzee alikaa tu kwenye gati la mbao, miguu majini, akiwaelekeza wengine jinsi ya kuendesha boti ambayo walikuwa wanaijua. Walinifundisha majina ya vitu vyao, nami nikawafundisha watoto Kiswahili kidogo, hasa kushoto na kulia, kwa sababu walitaka kumpitisha babu yao milangoni wenyewe.

Kisha ikaja asubuhi ambayo alikula vizuri, dawa ikamkaa vizuri, na maji yalikuwa yametulia. Alinitazama. Nikaenda kuvaa nguo ya Rehema.

Tuliteremka taratibu, Margaret kulia kwake, mimi kushoto. Maji yalipofika magotini nilisema sala ya kwanza. Yalipofika kiunoni niliacha kusali nikawa ninahesabu madhambi. Yalipomfika Mzee kifuani, Margaret akamwambia, "Haya, Baba," naye akajilaza nyuma mikononi mwetu.

Nilikuwa nimemshika kwenye mgongo, kwa hiyo nililisikia lile badiliko kabla sijaliona. Mwili ule niliouinua kila asubuhi, mgumu kama ubao, ulilegea. Uzito ukaondoka. Nilitazama mikono yake, imetandazwa juu ya maji, na ilikuwa imetulia. Alikuwa anatazama mawingu. Margaret naye aliona.

Baada ya muda Mzee akasema, "Sasa zamu ya Tabitha."

Nikasema hapana. Margaret akasema, "Mimi nimemshika Baba. Na hapa miguu yako inafika chini." Mzee akanyoosha mkono akauweka chini ya kisogo changu. "Lala," akasema. "Usipigane nayo. Weka masikio ndani."

Sijui kwa nini nilikubali. Labda ni kwa sababu kila siku nilikuwa ninamwomba yeye aniamini, anipe uzito wake, na yeye ananipa. Nilijilaza. Masikio yakaingia majini, kelele zote za dunia zikazimika, nikausikia moyo wangu mwenyewe. Maji yalinibeba. Mtu mzima mimi, mama wa watoto, nikalia pale nikiwa nimelala chali, na hakuna aliyejua kwa sababu uso ulikuwa umeshalowa.

Tulipokuwa tunatoka ndipo palipotokea kisa. Boti ya watu wengine ilipita karibu kuliko inavyotakiwa, ikatuma wimbi, na Mzee akaganda. Maji yalikuwa mapajani, chini kuna mawe, na miguu ilikataa kabisa. Wimbi la pili likaja likatuyumbisha wote watatu. Nilimwona Margaret uso umebadilika rangi. Ile hofu yake ya jikoni imefika. Nami nilifungua mdomo nimwongoze Mzee, sauti haikutoka.

Kutoka ukingoni nikasikia sauti nyembamba: "Kushoto, Babu."

Alikuwa mjukuu wake mdogo, msichana mwenye mapengo, amesimama na taulo. Mwenzake akadakia, "Kulia." Kisha wote, wakwe na watoto wao, na Ellen akiwa na kijiko cha kupikia mkononi, wakaanza kuimba pamoja kwa Kiswahili cha Virginia: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikahisi uzito wa Mzee ukihama kwenye mkanda. Ukaja upande wangu. Ukaenda upande wa Margaret. Mguu mmoja ukaachia jiwe. Alitoka ziwani akiyumba kama ameshuka mlima mrefu kuliko yote, na alipofika kwenye nyasi akainua ngumi juu kama mshindi.

Margaret alinikumbatia tukiwa tumelowa chapachapa. Akasema, "Mwakani tunarudi."

Walirudi, na Mzee alirudi nao, kiangazi kingine kimoja. Safari ile hakuingia majini, alikaa gatini amefunikwa blanketi akinicheka mimi ninavyopiga miguu. Kisha ugonjwa ukaenda ulipokuwa unaelekea. Alifariki nyumbani kwake Annandale, asubuhi, Ellen amemshika mkono mmoja na Margaret mwingine. Ningependa kuwaambia theluji ilikuwa inaanguka. Ilikuwa mvua, ile mvua chafu ya mwisho wa kipupwe, na yeye angeilalamikia.

Ellen aliniomba nimsaidie kuchagua nguo za kumzikia. Suti ilikuwa imetundikwa tayari. Tulisimama mbele ya kabati, kisha yeye mwenyewe akaipita ile suti akatoa sweta nyekundu ya mlimani, imeisha viwiko. "Suti aliivaa kwa ajili ya shule," akasema. Kanisani watu walipomwona walicheka kwanza, ndipo wakalia. Kila mjukuu alisimama akaeleza jinsi babu alivyomwacha aanguke thelujini, na jinsi alivyongoja pembeni mpaka ainuke.

Hakuna anayewafundisha nyinyi wahudumu namna ya kuomboleza. Familia ina jina la huzuni yake. Ya kwako wewe haina jina, na shirika linapiga simu kuuliza lini utaanza nyumba nyingine. Mimi niliwaambia sitaki. Dada Rehema akaja kwangu na chapati kwenye kitambaa, akaketi. Nililia, yeye akala, kisha nikala mimi. Hakuniambia nijikaze. Alipokuwa anavaa viatu aliniambia, "Kuna bibi mmoja Bladensburg amewafukuza wahudumu wote. Nimeliambia shirika likutume wewe."

Nilikwenda kwa shingo upande. Nyumba ndogo, karibu na mto. Binti wa yule bibi alinifungulia mlango, amechoka, akaanza kunieleza hapo hapo: moyo, sukari, goti, dawa za asubuhi, dawa za mchana, anatukana, anatupa vitu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamuuliza, "Anapenda nini?"

Akanitazama kama hajasikia vizuri. "Anapenda nini vipi?"

"Kabla ya goti na sukari. Alikuwa anapenda kufanya nini?"

Yule binti akageuka akaita kuelekea chumbani, "Mama, huyu anauliza unapenda nini."

Nikasikia kitanda kinalia, halafu sauti nzito, ya mtu aliyekuwa tayari kugombana na sasa hajui afanye nini na ugomvi wake.

"Dansi," bibi akasema. "Anajua kucheza?"

Nikavua koti.